Kiwanja cha bei nafuu Mwanza: maeneo ninayoyaamini na ninayoyakwepa

Wapangaji wengi wa Mwanza tumeanzia kule kule, Mabatini, Igogo, Kirumba, Nyamanoro, chumba na sebule, choo cha kuchangia, kodi ya miezi sita unaitafuta huku ada ya shule nayo inagonga mlango. Mimi na mume wangu tuliishi hivyo miaka mingi mpaka tukapata kiwanja Kishiri, tukajenga kidogo kidogo na sasa tunakaa kwetu. Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu wanaotaka kununua kwa mara ya kwanza, maana naona wanachoangalia ni bei ya dalali tu, na bei ya dalali ni sehemu ndogo ya hela itakayokutoka.

Kwanza tukubaliane kwamba Capri Point na Isamilo tunaziacha, hizo ni za wenye nazo. Mji unakua kufuata barabara zake kubwa, kwa hiyo na wewe tafuta kwa kufuata barabara. Upande wa Shinyanga kuna Nyegezi, Mkolani, Buhongwa halafu Usagara. Upande wa Musoma kuna Nyakato, Igoma halafu Kisesa. Upande wa Ilemela kuna Buswelu kwa ndani na kule nyuma ya uwanja wa ndege Igombe na Kayenze. Ukiangalia hapo utaona kila barabara ina sehemu ambayo zamani ilikuwa nafuu na sasa imeshapanda, Buhongwa kwa mfano ukitaka karibu na lami jiandae, na Buswelu tangu makao makuu ya manispaa ya Ilemela yawe kule bei si ya mchezo. Sehemu ya mtu wa kipato cha kawaida ni hatua moja mbele ya hapo, au katikati ya barabara mbili, na mimi napenda zaidi katikati. Kishiri na Lwanhima ziko kati ya Igoma na Buhongwa, ukikwama upande mmoja unatokea upande wa pili, ndo maana tuliangukia huko.

Usagara na Kisesa watu wanazisema sana siku hizi na kweli zina sababu. Usagara ndo barabara ya Shinyanga inapoachana na ya kwenda Kigongo, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilometa 3 juu ya ziwa, mtu wa Sengerema na Geita hasubiri tena kivuko. Reli ya kisasa ya SGR nayo imepangiwa kituo Fela, si mbali na hapo. Lakini jua kwamba Usagara iko wilaya ya Misungwi na Kisesa iko wilaya ya Magu, si Jiji la Mwanza, kwa hiyo mambo ya ramani, kibali cha ujenzi na kiwanja utayafuatilia kwenye halmashauri hizo, usije ukazunguka ofisi za jiji wiki nzima unaambiwa faili halipo. Na dalali akikuambia hapa lami inakuja, hapa stendi inakuja, wewe nunua kwa kile unachokiona kwa macho yako leo. Ikija lami ni faida yako, isipokuja uwe bado unaweza kuishi.

Sasa hesabu ya nauli, hii watu hawaipigi kabisa. Tuseme mko wawili mnafanya kazi mjini na kutoka kwenu mpaka kazini ni bajaji halafu daladala. Hizo ni nauli nne kwenda na nne kurudi, nauli 8 kila siku ya Mungu kabla mtoto hajapanda gari ya shule. Kiwanja cha mbali kikiwa rahisi kwa laki kadhaa, hizo laki zinarudi barabarani mapema sana, na bado muda na uchovu hujauhesabu. Panda daladala mwenyewe, asubuhi ya saa kumi na mbili na jioni watu wakitoka kazini, usiende na gari ya dalali Jumapili mchana ukasema ni dakika ishirini tu.

Maji ni jambo la pili na kwa mji uliokaa pembeni ya ziwa inauma kusema hivi, ila ndo hali halisi. Uliza bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, limefika wapi, na usimuulize muuzaji, muulize mama anayefua jirani: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, yanatoka saa ngapi, mnanunua dumu shilingi ngapi yasipotoka. Umeme hivyo hivyo, nguzo iko umbali gani na kiwanja, maana kuna tofauti kubwa kati ya kuvuta waya tu na kuombewa nguzo.

Halafu ardhi yenyewe. Milimani kunaonekana rahisi, mawe makubwa, upepo, unaliona ziwa lote, mtu anapenda. Lakini gari la mchanga halipandi. Nilishuhudia kwa jirani yetu wa zamani Mabatini, tripu inamwagwa chini barabarani halafu kina mama wanapandisha ndoo moja moja kichwani, analipa kwa ndoo, na tofali hivyo hivyo, na saruji, na maji ya kukorogea. Ukijumlisha, kubeba tu kunaweza kukaribia bei ya vifaa vyenyewe. Kwenye tambarare nako kuna udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kiganja na masika unavimba, msingi wa kawaida hauwezi, nyumba inapata nyufa kabla hujapiga hata rangi. Chimba kidogo uone. Na nenda mvua ikiwa imenyesha, Machi mpaka Mei, au Novemba, uone maji yanapita wapi.

Kiwanja cha ufukweni nasema wazi, usinunue kwa hela ya nyumba ya kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, humo hutakiwi kufanya shughuli ya kudumu, na bado watu wanauziwa. Na ziwa lenyewe halikai sehemu moja, mwaka 2020 lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, 2024 likapanda tena. Luchelele na Igombe kuna sehemu nzuri sana juu kidogo, chukua huko.

Kuhusu vipimo, huku kwetu watu wanauziana kwa hatua, utasikia hatua ishirini kwa ishirini na tano. Hatua za nani? Tulipoenda kuangalia kiwanja kimoja huko huko Kishiri dalali alipima kwa hatua fupi fupi za haraka, tukapata hatua ishirini na tano, mume wangu akapima na futi kamba ikaja mita 17 na kitu. Beba futi kamba yako na mkataba uandike mita. Kama kimepimwa, omba uonyeshwe mawe, yale ya zege yenye namba, na namba ilingane na ramani.

Kiwanja hicho hicho ndicho tulichokiacha kwa sababu nyingine kabisa. Mzee alikuwa mkarimu, shikamoo marahaba, tumekaa chini ya mwembe bei tumeshaelewana, mara mkewe anatoka shambani na jembe begani anauliza, "Wageni mnatafuta nini?" Akaambiwa. Akasema, "Mimi sijaambiwa," akaingia ndani. Tuliaga tukaondoka na nina amani mpaka leo, kwa sababu ardhi ya familia ikiuzwa na mtu mmoja, kesi inakuja kwako uliyenunua, wewe ndo unavunjiwa ukuta. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu hata nyumba ya ndoa iuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mimi nataka mke asaini, watoto wakubwa wasaini, majirani wa pande zote nne waje waonyeshe mpaka, na mtendaji wa mtaa awepo. Kama kina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa kabla hujatoa hata senti ya kishika nafasi, uone jina ni la nani na kama benki haijakishika. Na mkataba uandikwe na mwanasheria, malipo yapite benki.

Ndo maana nikiulizwa kati ya kiwanja kikubwa kisichopimwa na kidogo kilichopimwa, najibu kidogo, bila kusita. Mita za mraba 400 zenye hati zinatosha nyumba ya vyumba vitatu na kibustani cha mchicha, na hati ina thamani benki.

Kina dada, na hili naliomba kwa moyo wote, kama mnachanga wote basi majina yaingie yote mawili, kwenye mkataba na kwenye hati. Nimeona wenzangu waliochangia miaka wakaondoka na mabegi ya nguo. Mume wangu yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuandike wote, na siku ile tunasaini nilimheshimu zaidi.

Mapagale nayo yasidharauliwe, yale maboma yaliyofika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halafu mwenyewe akahamishwa kikazi, Buhongwa na Kisesa yapo mengi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, aangalie nondo na kozi za msingi. Ukishanunua kiwanja, usikiache wazi. Panda michongoma mpakani wiki hiyo hiyo, mwaga hata tripu moja ya mawe, jitambulishe kwa balozi na majirani, ukiweza paua vyumba viwili uhamie, kodi uliyokuwa unalipa iende kwenye saruji.