Azimio la kazi la sayansi, darasa la tatu

Mwalimu mwenzangu, pole. Umeuliza uanzie wapi kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka mzima. Watoto 80, hakuna maabara, na azimio linadaiwa kabla ya Januari: nimepitia hayo.

Usianze na kitabu. Chukua kalenda, uweke alama za likizo, mitihani na mvua. Huko kwenu Morogoro masika huanza Machi, basi mimea na hali ya hewa vikae hapo. Maharage kwenye pamba yenye unyevu huchipua ndani ya siku chache, na kila kikundi kichore kilichobadilika. Chupa ya plastiki iliyokatwa na rula vinatosha kupima mvua. Mimi niliwahi kufundisha kuota kwa mbegu Septemba, kisima kimekauka, nililia kimoyomoyo. Vivuli na jua viweke miezi ya kiangazi.

Kila muhula acha wiki mbili tupu, utazihitaji.

Umeme fundishia betri za tochi tu, kamwe soketi ya ukutani. Watoto wasilitazame jua moja kwa moja. Na kabla ya kuhamisha mada, mwonyeshe mwalimu wa taaluma, maana nyingine hutegemea zilizotangulia kwenye muhtasari wa somo.