Fundi kaniungia taa za breki daireki, gari iko poa au nibadilishe swichi?

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota Mark II GX 100 automatic. Mwezi uliopita taa za breki ziligoma zote na gia ikawa haitoki P (parking). Fundi wa hapa mtaani akasema swichi ya breki imekufa na spea yake ni ya kuagiza, akakata waya pale kwenye swichi, ule unaoenda kwenye taa akaupa umeme wa funguo. Toka siku hiyo gia inatoka vizuri ila taa nyekundu za nyuma zinawaka muda wote gari ikiwa on. Pia nikienda Dodoma kutoka Moro naona mafuta yanawahi kuisha kuliko zamani, sijui ni mimi tu. Niache hivyo? Na swichi naweza kufunga mwenyewe?

JIBU: Ndugu yangu, badilisha, na usiende safari nyingine ya Dodoma kabla hujabadilisha. Hili swali linanifikia kila mara, gari tu ndio zinabadilika, leo GX 100, kesho Noah, keshokutwa Corolla 110, stori ni ile ile: gia imejam P, fundi kaunga daireki, gia imetoka, mteja kalipa kaondoka anashukuru. Na wote wanasema gari imepona. Haijapona. Kuunga daireki ni kipimo, unachomoa plagi ya swichi, unaunganisha yale matundu mawili na kipande cha waya kwa sekunde chache, taa zikiwaka umeshajua fyuzi nzima, balbu nzima, laini nzima, mbovu ni swichi. Basi, unatoa waya wako unaenda dukani kutafuta spea. Huyo wa kwako kapima vizuri kabisa, alafu kaishia hapo hapo.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni ile kauli ya "bora ziwake muda wote kuliko zisiwake kabisa". Nimeshaisikia kwa mafundi, kwa madereva, hata kwa watu wasomi kabisa. Hebu kaa kwenye nafasi ya dereva wa lori aliye nyuma yako. Taa zako ameziona nyekundu toka Msamvu, kaziona Dumila, kaziona Gairo, macho yameshazizoea, kwake hizo ni taa za gari tu. Ng'ombe wakikatiza ukakanyaga breki kwa nguvu, huko nyuma hakuna kinachobadilika hata kidogo. Taa ya breki haisemi chochote kwa kuwaka, inasema kwa KUBADILIKA, ilikuwa imezima sasa imewaka. Yako haibadiliki, kwa hiyo kwa mtu wa nyuma wewe huna taa za breki, uko sawa sawa na siku ile zilipogoma zote. Tena afadhali siku ile, maana ulikuwa unajua ni mbovu ukaenda nazo kwa fundi.

Alafu ile swichi haifanyi kazi ya taa peke yake, hapa ndio wengi hawaelewi. Gia yako ilijam P kwa sababu gari haikupata taarifa kwamba umekanyaga breki, ule mfumo umewekwa makusudi ili gia isitoke bila mguu kuwa kwenye breki. Sasa hivi gari inadanganywa kwamba umekanyaga breki muda wote, maana yake funguo ikiwa on, mtoto aliyebaki ndani ya gari anavuta gia kutoka P kwenda R au D na gari inaondoka, hakuna cha kumzuia. (Siku nyingine gia ikikugomea njiani, pembeni ya gia kuna kitufe au kitundu cha kufungulia hiyo loki, unawasha handbreki, unabonyeza, unatoa gia, unaenda taratibu mpaka gereji. Huhitaji mtu akate waya.)

Na mafuta, hapana, sio wewe tu. GX 100 gia zake zinaongozwa na kompyuta, ukishakaa kwenye mwendo wa safari gia za juu kompyuta inafunga kitu kinaitwa lokapu, yani injini na giaboksi zinashikana moja kwa moja bila kuteleza. Ukigusa breki inaachia. Sasa kama kompyuta inaona breki imekanyagwa kutoka Moro mpaka Dodoma, lokapu haifungi kabisa, mzunguko wa injini (rpm) unakaa juu kuliko kawaida, mafuta yanaenda na mafuta ya giaboksi yanapata joto la bure. Sisemi lazima iwe hiyo peke yake, ila mimi ningeanza hapo kabla mtu hajakuuzia plagi za injini na sensa.

Kufunga mwenyewe unaweza, kazi sio kubwa, shida ni kulala chali chini ya usukani. Chomoa waya wa betri. Ukiwa na tochi fuata mkono wa pedeli ya breki kwenda juu, utaona swichi imefungwa kwenye bracketi na nati, kwa Toyota hizi mara nyingi spana 14, ina kipini kinachogusana na mkono wa pedeli. Pedeli ikiwa juu kipini kimebonyezwa ndani na taa zimezima, ukikanyaga kipini kinatoka taa zinawaka.

Kabla hujafungua chochote angalia ile sehemu ya pedeli ambayo kipini kinagusa. Pale kuna kimpira kidogo kimechomekwa kwenye tundu. Kikizeeka kinakauka, kinamong'onyoka, utakuta vipande vyake kwenye kapeti chini vimepauka kama maganda. Kikishatoka kipini kinapita kwenye tundu, swichi inadhani umekanyaga, taa hazizimi hata ukichomoa funguo, asubuhi betri imelala. Watu wananunua swichi mbili tatu kumbe ni kimpira. Kwako taa zilizima kabisa kwa hiyo swichi ndio mshukiwa, ila ukiwa huko chini kibadilishe na chenyewe.

Swichi mpya izungushe kuingia plagi ikiwa imechomolewa, la sivyo unasokota waya. Na hapa naomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yote: usiikaze mpaka isukume pedeli. Izungushe mpaka mwili wa swichi uguse pedeli kidogo tu, irudishe nyuma mzunguko mmoja, ibaki nafasi ya kama milimita 1 hivi, ndipo ukaze nati. Pedeli yenyewe ibaki na mchezo, ukiibonyeza kwa vidole injini ikiwa imezimwa na busta (kile kinachokusaidia kulainisha pedeli) imeishiwa nguvu iende milimita 1 mpaka 6 kabla haijaanza kuwa ngumu. Ukiikaza swichi mno, pedeli hairudi mpaka mwisho, master silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) haiachii presha yote, breki zinabaki zimeshika kidogo kidogo, zinapata moto, pedeli inazidi kuwa ngumu kadri unavyoendesha. Nimeletewa gari rimu hazishikiki kwa joto, mwenyewe keshauziwa kaliper mbili, ubovu ulikuwa swichi ya breki iliyokazwa na mtu asiyejua.

Hizi njia za mkato ziko nyingi na zote zinafanana. Kuna wanaoweka kiswichi kwenye dashibodi uwashe taa za breki kwa mkono, sasa nani anakumbuka kuwasha kiswichi wakati mtoto amekatiza barabara? Kuna wanaofunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi ya STOP (ya taa za breki) kwa sababu inaungua kila siku, wakati inaungua kwa sababu kuna waya umechubuka kwenye buti unagusa bodi, siku hiyo karatasi haitaungua, utaungua waya mzima mpaka mbele. Na kuna wanaoongeza taa za breki za urembo kwenye kioo cha nyuma na spoila, zote zinapita kwenye swichi ile ile ndogo, kontakti zinaungua ndani, alafu lawama anapewa Mjapani. Kama unataka taa za ziada weka rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa badala ya ile ndogo.

Ukinunua gari ya mkononi, usiku rudisha nyuma karibu na ukuta, angalia wekundu ukutani kwenye saitimira: mguu ukiwa juu, mguu ukiwa kwenye breki, kisha funguo imechomolewa na mguu kwenye breki. Kwenye Toyota hizi za zamani zinatakiwa kuwaka hata bila funguo, kwa hiyo kama funguo ikiwa on zinawaka ila bila funguo haziwaki, kuna mtu ameshachezea waya. Kwako wewe huyo fundi amekata waya, hivyo tafuta plagi ya swichi ya mtumba yenye mkia wake wa waya, unga viungo kwa risasi (soda), vivishe mpira unaojibana kwa joto, na ule waya alioutoa kwenye funguo utolewe wote, usifungwe nailoni ukabaki unaning'inia juu ya pedeli.