Nilichagua Kisu, na Sijamwomba Mtu Radhi

Juzi usiku, mtoto amelala kifuani na simu iko mkononi, uliingia ujumbe wa msomaji mwenye mimba ya wiki 30: "Dada, uzazi wa kwanza ulinitesa sana. Nataka safari hii nipange upasuaji, lakini kila ninayemwambia ananicheka. Wewe ulifanyaje? Na je, unajuta?" Nilianza kumjibu palepale, nikajikuta nimeandika gazeti zima, nikalifuta. Haya ndiyo niliyoyafuta.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida, kama watu wanavyoiita, ingawa kwangu hapakuwa na cha kawaida hata kimoja. Uchungu ulinishika saa 26. Saa nyingi kati ya hizo hazina la kusimulia: tembea, lala, pimwa, "bado, mama". Shida ilikuja mwishoni. Njia imefunguka yote, nimesukuma zaidi ya saa mbili, na mtoto hashuki kwa sababu amekaa uso ukitazama juu. Nesi mmoja akaniinamia sikioni na kusema kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba ananipa siri, "Unamuua mtoto kwa uzembe wako." Nimesamehe mengi ya siku ile. Hilo bado.

Wakaleta vakyumu, kile kikombe cha kunata kichwani mwa mtoto. Kikachomoka, wakakirudisha, mtoto akatoka. Alikaa kimya kwanza, na kile kimya sijui kilikuwa cha dakika ngapi. Mimi nikachanika mpaka kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa; wao wanaita daraja la tatu. Nikavuja damu, nikaongezewa uniti mbili. Wakati wananishona, miguu iko juu, nilihesabu mbao za dari. Zilikuwa 14, na ya 9 ilikuwa na doa la maji.

Kilichofuata hakisemwi kwenye hongera. Kwa miezi minne sikuweza kuzuia upepo. Kila nilipokuwa na watu nilikaa karibu na mlango, ili nikihisi unakuja niwe nimeshanyanyuka. Na kila aliyekuja kumwona mtoto alisema, "Shukuru, wote ni wazima." Nilishukuru. Kisha nikaenda kulia bafuni.

Kwa hiyo nilipoona mistari miwili kwa mara ya pili, mikono ilianza kutetemeka kabla furaha haijafika. Usiku nilisubiri kila mtu alale ndipo nifikirie. Daktari wa kwanza niliyemwambia alicheka, mcheko wa heri, akasema mtoto wa pili huwa ni mteremko, njia imeshajua kazi yake. Pengine alikuwa sahihi kwa wanawake wengi. Lakini hakufungua faili langu. Lilikuwa mezani pake, chini ya kiwiko chake.

Niliondoka na lile faili, nikaenda kwa daktari mwingine. Huyu alisoma kwa dakika kumi bila kunena. Alipomaliza hakuniambia "usiogope". Aliniuliza, "Kati ya yote yaliyotokea, lipi hasa hutaki lirudi?" Nikasema: kuchanika, na yule nesi. Akaandika yote mawili.

Halafu akanipa ukweli wa pande zote. Kwamba wengi waliochanika kama mimi huzaa tena kwa njia ya kawaida bila kuchanika vile, na kwamba mtoto kukaa vibaya mara ya kwanza si hukumu ya mara ya pili. Kwamba upasuaji ni operesheni kubwa: kuna kuvuja damu, kuna maambukizi, kuna damu kuganda miguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu. Kwamba kovu kwenye mfuko wa uzazi linabaki na wewe maisha yote, na kila upasuaji unaoongezeka unaongeza hatari ya kondo la nyuma kujishika kwenye kovu na kugoma kutoka. Ndipo akauliza swali ambalo wote waliokuwa wakinihubiria hawakuwahi kuliuliza: "Unataka watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akasema, basi mizani yako si sawa na ya anayetaka watano.

Hapo ndipo nilipoamua, na si siku niliyoogopa. Naomba hilo lieleweke, maana nilipewa majina. Mvivu. Mama wa mkato. Shangazi yangu mmoja aliniuliza kama mtoto huyo naye nitasema nimemzaa. Jamaa mwingine alinitumia tamko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015, kwamba upasuaji ukizidi asilimia 10 ya uzazi wote hauonekani kupunguza vifo zaidi. Nililisoma. Ni la kweli, ila linazungumzia nchi na mamilioni ya watu. Halimjui yule aliyehesabu mbao 14. Uingereza, kwa mfano, mwongozo wao wa mwaka 2011 ulisema mama aliyeelezwa, akasaidiwa kuhusu hofu yake na bado anataka upasuaji, apangiwe. Yaani hata hofu ina haki ya kusikilizwa kwanza, kisha kuheshimiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu, ni huu: omba faili lako. Usiende na kumbukumbu peke yake, nenda na faili. Ulizia kilichotokea, neno kwa neno, na uliza maana ya kila neno. Kama daktari hataki kulifungua, mtafute atakayelifungua. Na kama ukishasoma utaona unataka kujaribu tena njia ya kawaida, jaribu, sitakuona mjinga. Najua unachotaka, kwa sababu ndicho nilichotaka mimi: mtoto mzima, na wewe ubaki mtu, ucheke bila kubana miguu. Lakini soma faili.

Nilipangiwa wiki ya 39. Nilitaka mapema, nimechoka, wakakataa: mtoto anayetolewa kabla ya hapo bila uchungu kuanza ana hatari zaidi ya kusumbuka kupumua. Usiku wa kuamkia nikaacha kula. Asubuhi nikaingia thieta kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo peke yake lilinitoa machozi, kwa sababu mara ya kwanza nilisukumwa kwenye kitanda nikiwa sijui napelekwa wapi.

Daktari wa ganzi aliniambia nijikunje, kidevu kifuani. Nikahisi baridi ya dawa ya kusafishia mgongoni, mchomo, kisha joto likashuka miguuni kama nimekalia jua. Nyuma ya pazia sikusikia maumivu, lakini nilisikia kuvutwa, kama mtu anayebadilisha shuka huku wewe umelala juu yake. Baada ya dakika chache akalia. Alilia kabla hata hawajanionyesha. Mume wangu alikuwa akinishika mkono na meno yangu yanagongana kwa ile mitetemeko ya ganzi, na nilikuwa nacheka.

Sasa, wanaodhani ni mkato waje siku ya pili. Kuinuka kitandani mara ya kwanza ni safari. Nilikohoa nikaona nyota. Baadaye nikafundishwa kushikilia mto tumboni kabla ya kukohoa. Nesi alikuwa akipita kila saa kuniuliza kama nimejamba, na nilipomjibu ndiyo alifurahi kuliko mimi. Ona dunia: mara ya kwanza upepo huohuo ulinifanya nikimbie watu.

Lililoniumiza zaidi si kidonda. Niliambiwa nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mchanga kwa wiki sita. Nilipofika nyumbani mkubwa, wa miaka mitatu, akanijia mikono juu. Sikuweza kumbeba. Alishusha mikono polepole, akamtazama mdogo wake, akatazama pembeni. Baadaye tulibuni mtindo wetu: mimi nakaa kwenye kochi, yeye anapanda kwa ubavuni. Jipange kwa hilo kabla. Mimi sikujipanga, na hakuna aliyenikumbusha.

Uliuliza kama najuta. Nimepita miezi saba. Juu kidogo ya kovu kuna kipande kama upana wa vidole viwili ambacho bado kina ganzi. Nikijikuna, vidole vinahisi ngozi lakini ngozi haivihisi vidole. Huwa nakigusa nikiwa nanyonyesha usiku, kama sasa. Sijuti. Na nimeacha kukaa karibu na mlango.