Gesi ya usingizi haili asidi amino za damu yako

Swali: Shikamoo daktari. Nilifanyiwa upasuaji wa saa tatu, na kwenye nusukaputi nilipewa gesi ya naitrasi oksaidi. Kesho yake kipimo cha damu kilionyesha homosisteini, asidi amino inayopimwa kwenye damu, imefika 22. Muuza virutubisho ameniambia gesi imekula asidi amino zangu, vile vijenzi vya protini, ninunue unga wake wenye methionini nyingi, ambayo ni moja ya hizo. Mimi sili nyama, mayai wala maziwa, huu mwaka wa nane sasa. Nianze kuunywa?

Jibu: Marahaba. Huo unga uache. Wagonjwa wananiletea makopo ya namna hiyo kila mara, na maelezo ni yale yale: gesi imekula, basi turudishie kilicholiwa. Gesi hii haili asidi amino hata moja. Huingia kwa mapafu na kutoka kwa mapafu, karibu yote ikiwa vile vile ilivyoingia. Inachokiharibu ni vitamini B12. Katikati ya B12 kuna kobalti, na naitrasi oksaidi huioksidisha kobalti hiyo hadi kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini) kinachoitegemea kinasimama kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuigeuza homosisteini iwe methionini tena. Kikisimama, homosisteini inarundikana na methionini inapungua, hata kwa mtu aliyekula vizuri.

Sasa angalia unachouziwa. Mwili ukishaitumia methionini, kinachobaki ni homosisteini. Njia ya kwenda iko wazi. Iliyofungwa ni ya kurudi. Kuna kipimo kinachojulikana ambacho mtu hunyweshwa methionini makusudi ili ionekane homosisteini yake itapanda kiasi gani. Kitu hicho hicho wewe unaambiwa ni tiba! Haya ndiyo yanayonikera kwa wauzaji hawa: wanasoma nusu ya karatasi ya majibu, kisha wanafungua duka.

Kiwango cha kawaida ni kama 5 hadi 15 maikromoli kwa lita, na kupanda baada ya saa tatu za gesi ni jambo tunalolitarajia. Kimeng'enya kilichozimwa hakiamki. Mwili hutengeneza kingine, nayo ni kazi ya siku kadhaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2014, wa wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, haukuona mshtuko wa moyo wala vifo vikiongezeka kwa waliopewa gesi hii. Uliza pia damu yako ilikaa muda gani kabla chembe zake hazijatenganishwa na majimaji. Chembe nyekundu huendelea kutoa homosisteini ndani ya chupa, karibu asilimia 10 kila saa kwenye joto la chumba. Chupa ikisahauliwa mezani, unapata namba ya kutisha ambayo haikuwa mwilini mwako.

Kilichonishtua mimi ni hiyo miaka minane. Vyakula vya mimea peke yake havitoshelezi B12, na kama hukuwa ukimeza vidonge vyake, huenda akiba yako ilikuwa imekwisha kabla ya kulala mezani. Pima B12 pamoja na asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda B12 inayofanya kazi ikipungua. Usiridhike na B12 pekee, kwa sababu maabara huihesabu hata ile iliyozimwa, na jibu linaweza kuja la kawaida ilhali mishipa ya fahamu inaumia. Usijitibu kwa asidi ya foliki peke yake pia: damu itaonekana kupona na uti wa mgongo utaendelea kuharibika. Ukisikia ganzi miguuni au ukianza kuyumba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukihitaji upasuaji mwingine, mwambie mapema daktari wa usingizi unachokula. Zipo dawa nyingine zisizogusa B12.

Gesi ya saa chache si sawa na gesi ya siku nyingi. Mwaka 1956 madaktari wa Denmark walieleza jinsi wagonjwa wa pepopunda, waliolazwa usingizi kwa gesi hii siku kadhaa mfululizo, walivyoacha kutengeneza damu kwenye uboho. Leo wapo wanaoivuta kwenye maputo kwa starehe, wakiambiana kwamba kidonge cha B12 ni kinga. Kijana mmoja aliingia chumbani kwangu akiitazama miguu yake kila hatua. Nilimwambia asimame, aiunganishe miguu, afumbe macho. Nilimdaka kabla hajafika sakafuni. Mfukoni alikuwa na vidonge vya B12 alivyokuwa akimeza kila asubuhi, na kila jioni gesi ilikuwa ikivizima. Tulianza kwa kumwachisha gesi, ndipo tukampa sindano. Miezi mitatu baadaye, taa zikizimwa, bado alitembea ameshika ukuta.