Karatasi ya vipokezi kwanza, daktari baadaye

Ujumbe uliotusukuma kuandika safari hii umetoka kwa mama wa Iringa, miaka 46. Alitolewa uvimbe wa sentimita 3 kwenye titi la kushoto kwa ganzi, majibu yakarudi kuwa ni saratani, na sasa amepangiwa kuanza dripu ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, Jumatatu. Anauliza jambo moja tu: bingwa wa saratani aliye bora kuliko wote ni nani, amfuate hata kama ni Nairobi? Picha ya majibu aliyoambatisha ina mistari minne. ER haimo, PR haimo, HER2 haimo: yaani vipokezi, alama za kwenye seli za saratani zinazoonyesha dawa ipi itafaa, havikupimwa.

Dada, bingwa wa Nairobi akipewa karatasi hiyo atakuwa gizani sawasawa na yule wa Iringa. Omba Jumatatu isogezwe, na muda huo utumike kupima vipokezi. Wiki mbili za kutafuta majibu hazikuharibii tiba. Kinachoharibu ni kukaa miezi mitatu baada ya upasuaji bila kuanza chochote.

Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. ER na PR ni vipokezi vya homoni: vikionekana hata kwenye asilimia 1 ya seli, mgonjwa anahesabiwa kuwa navyo, ingawa chini ya asilimia 10 dawa za homoni husaidia kwa mashaka. HER2 ni protini inayoichochea saratani kukua, nayo hupewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Alama 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, na 2+ si jibu bado: sampuli iende kwenye kipimo cha FISH, kinachohesabu jeni ya HER2 ndani ya seli. Wapo wanaobaki na 2+ yao mwaka mzima kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba safari haijaisha.

Kinyama chenyewe, kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara, kilichukuliwaje? Njia sahihi ni sindano nene inayotoa vijiti vya nyama, kabla kisu hakijagusa titi. Sindano nyembamba hunyonya seli tu. Huweza kusema saratani ipo bila kueleza ni ya namna gani. Kuutoa uvimbe mzima kabla ya kinyama, kama alivyofanyiwa dada yetu, kunaacha kingo zisizojulikana kama zimebaki na saratani na mara nyingi kunaleta upasuaji wa pili. Tunalisema hili kila mara na hatutachoka kulisema.

Kisha kuna kopo. Nyama iingie kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, ikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Ikitiwa kwenye maji, spiriti au fomalini kiduchu, protini huharibika na vipokezi husomeka hasi ilhali vilikuwepo. Mgonjwa anaambiwa hana kipokezi chochote, ananyimwa vidonge vya homoni ambavyo vingemlinda kwa miaka, na kosa lilifanyika siku ya kwanza, kwenye kopo.

Habari njema ni kwamba maabara huhifadhi bloku ya nta yenye nyama hiyo. Nenda na namba ya sampuli iliyo juu ya karatasi, omba bloku pamoja na slaidi, uzipeleke kwenye maabara inayopima vipokezi. Usiondoke bila kuandikishwa, na bloku usiiache kwenye dashibodi juani.

Sasa daktari. Huku kwetu bingwa wa saratani mara nyingi hushika kemo na mionzi yote mawili, na mpasuaji ni mtu mwingine. Usajili wake uangalie kwenye baraza la madaktari la nchi yako. Kenya orodha ya baraza hilo, KMPDC, iko mtandaoni. Ila usajili ni mlango tu. Mpime kwa maswali yake: ameomba majibu ya vipokezi kabla ya kutaja dawa? Amekushika kwapa zote mbili? Amekuuliza hedhi yako ya mwisho? Amesema kama lengo ni kuponya au kuutuliza ugonjwa? Kesi yako itajadiliwa na jopo lenye mpasuaji, mtu wa patholojia anayesoma vinyama maabara, na mtu wa mionzi? Akikasirika kwa kuulizwa, jibu umeshapata.

Kukata titi lote au uvimbe tu? Uvimbe mdogo ukitolewa na titi likapigwa mionzi, wanawake huishi sawa na waliokatwa titi lote. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka 20 zilionyesha hivyo. Lakini mionzi ni sharti la mpango huo, na mashine hazipo kila mkoa. Wa Songea ajipange kwa malazi karibu na hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: kwa kawaida ni vipindi 15 kwa wiki tatu, au 25 kwa wiki tano. Wala usikubali kukatwa titi lote ukidhani umeikwepa mionzi. Uvimbe ukizidi sentimita 5, au tezi nne na zaidi za kwapani zikiwa na saratani, mionzi itahitajika vilevile.

Wenye HER2 chanya, au wasio na kipokezi chochote, na uvimbe wao umezidi sentimita 2, mara nyingi huanza na kemo kabla ya upasuaji. Faida yake ni kwamba daktari anaona kama dawa inafanya kazi. Trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, huenda mwaka mzima, kila wiki tatu, na eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti ya moyo, kila miezi mitatu. Maliza habari ya bima kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya ya nne.

Kemo hupimwa kwa urefu na uzito. Mwenye sentimita 160 na kilo 65 ana eneo la mwili la mita mraba 1.7, dawa nyekundu, doksorubisini, ya miligramu 60 kwa mita mraba inakuwa miligramu 102. Kama hujapandishwa kwenye mizani, uliza dozi imetoka wapi.

Penye makosa ya kimyakimya ni vidonge vya homoni, kwa wenye ER au PR. Tamoksifeni ni miligramu 20 kwa siku, miaka 5 hadi 10. Anastrozo na letrozo ni za aliyekoma hedhi kweli. Mama wa miaka 46 hedhi yake ikikatika kwa sababu ya kemo, ovari zinaweza kuwa zimelala tu. Akipewa anastrozo peke yake, zikiamka dawa haimkingi. Ama atumie tamoksifeni, ama ovari zizimwe kwa sindano au upasuaji kwanza. Na kwenye tamoksifeni asishike mimba, mguu mmoja ukivimba na kuuma awahi hospitali kwa hofu ya damu kuganda, na dawa za sonona kama fluoksetini au paroksetini azitaje kwa daktari, kwani hupunguza nguvu yake. Mizizi na unga wa sokoni navyo avitaje.

Kabla ya dripu ya kwanza nunua kipimajoto. Chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Joto likifika 38 usimeze panadoli ukalala: nenda hospitali usiku huohuo, sema mlangoni kwamba uko kwenye kemo, na uwe na karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya dripu ya mwisho.