Tangazo la chanjo mwaloni: taja saa, taja na siku ya saba

“Wazazi mnahimizwa kuwapeleka watoto wakachanjwe.” Tangazo la namna hii kwenye mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Ilemela au Ukerewe kule Mwanza ni kumaliza betri ya spika bure. Mama anataka kujua mtoto yupi, wapi, saa ngapi.

Umri kwanza. Kampeni ya surua-rubela ya Februari 2024 ililenga miezi 9 hadi 59. Mwaloni hakuna anayehesabu miezi 59. Sema “aliyetimiza miezi tisa na hajafikisha miaka mitano”. Ongeza “hata kama alishachanjwa”, maana mwenye kadi iliyojaa hujiona hahusiki.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Asubuhi kina mama wako vichanjani wanaanika, na gari likipita saa tatu linawatangazia watu walioinama. Pitisheni jioni, dagaa wakishaanuliwa. Siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, na baba, ambaye mara nyingi ndiye mwenye ruhusa, hupatikana.

Saa nazo zina sababu. Chupa ya chanjo hii yenye dozi 10, ikishachanganywa na maji yake, haitumiki zaidi ya muda wa saa sita, inayobaki humwagwa. Mhudumu mwenye watoto wawili mbele yake husita kuifungua, anamwambia mama asubiri wenzake. Mama anaondoka, harudi. Kwenye kampeni afungue hata kwa mtoto mmoja, lakini tangazo la saa chache linawaleta pamoja na kupunguza hasara.

Panapoharibikia zaidi ni baada ya sindano. Kati ya siku ya 7 na ya 12 baadhi ya watoto hupata homa, wengine vipele vidogo, vinavyoisha vyenyewe. Asiyeambiwa mapema atasema chanjo imemletea mwanawe surua, na jirani atamwamini yeye, si spika. Lisemeni mapema, na lirudiwe mezani mama akirudishiwa kadi. Degedege au homa isiyoshuka, kituoni mara moja. Uvumi wenyewe msiurudie kwenye kipaza sauti, mtausambaza.

Basi iwe hivi, kwa sauti ya mtu wa hapo hapo: “Kesho Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe karibu na mizani. Mtoto wa miezi tisa hadi asiyefikisha miaka mitano. Bure. Njoo na kadi. Kama imelowa au imepotea, njoo hivyo hivyo.”