Anza na Mwisho: Nilivyotoka Komuniti Koleji Hadi Chuo Kikuu

Nilipowaambia nyumbani kwamba nimeanza komuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, mjomba alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama hiyo ndiyo shule ya kata ya Marekani. Sikumlaumu. Hata mimi nilipofika Sacramento nilidhani ni mahali pa watu waliokosa pa kwenda. Leo nina shahada ya biolojia ya UC Davis, kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha California (UC), na safari ilianzia kwenye madarasa ya jioni ya koleji, kabla sijaingia zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Naandika haya kwa sababu napokea ujumbe wa ndugu zetu wengi, wengine wamefika juzi, wengine wako koleji mwaka wa tatu na hawajui wanatokaje. Nitazungumzia California tu, maana ndiko nilikopita. Majimbo mengine yana taratibu zao.

California ina komuniti koleji 116. Tangu mpango mkuu wa elimu ya juu wa 1960, jimbo lilikusudia kwamba mtu aweze kusoma huko miaka miwili ya mwanzo, kisha aingie chuo kikuu akianzia mwaka wa tatu. Kwa hiyo usijione umepita mlango wa uani. Njia hii iliwekwa kwa makusudi, na cheti cha mwisho ni kilekile anachopata aliyeingia pale akitoka sekondari. Ada nayo ni nafuu: mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ada hiyo yote. Ila litazame vizuri hilo neno mkazi. Inatakiwa uwe umeishi California zaidi ya mwaka mmoja na uweze kuthibitisha kwamba umeweka makazi. Kabla ya hapo unatozwa mara kadhaa ya hiyo bei. Mimi nilisubiri, nikafanya kazi, nikatunza mkataba wa nyumba, leseni na karatasi za kodi kwenye bahasha moja. Sijutii ule mwaka.

Ninaojutia ni mwaka uliofuata.

Nilijiandikisha masomo kwa kufuata ratiba ya zamu. Mshauri wa masomo niliyekaa naye dakika kumi na tano aliniambia kemia yoyote itanifaa, mradi yuniti zake zinahamishika. Nikachukua iliyokuwa saa kumi na mbili jioni, nikapata A. Kwenye hisabati nikachukua takwimu, A tena. Semista ya pili, tukiwa maktaba, dada mmoja wa Kisumu tuliyekuwa tukisoma pamoja akaniuliza, "Wewe ASSIST umeiangalia?" Sikuwa nimewahi kuisikia. Akaifungua kwenye kompyuta yake. Ni tovuti ya jimbo, haina malipo. Akachagua koleji yetu, akachagua Davis, akachagua biolojia. Ukatokea ukurasa wenye pande mbili: kushoto masomo yanayotakiwa na chuo kikuu, kulia masomo ya koleji yanayokubaliwa badala yake. Akashusha kidole taratibu, mstari kwa mstari. Kemia yangu haikuwemo. Kwenye hisabati walitaka kalkulasi. Nilimwambia arudi juu, nikidhani tumekosea koleji.

Hatukukosea. Kemia yangu ilikuwa ya wasiosoma sayansi. Yuniti zake hazikupotea, zilihesabiwa kwenye zile 60 unazotakiwa kufikisha ili uhamie, lakini kwenye fani yangu hazikusogeza kitu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Unaambiwa somo linahamishika, unatulia, kumbe swali ni linahamia wapi ndani ya shahada yako. Kemia ya wanasayansi ina sehemu mbili zinazofuatana, kila moja semista nzima, na ya pili huingii bila kufaulu ya kwanza. Nikaongeza mwaka mzima.

Basi kabla hujajiandikisha somo hata moja, chagua vyuo vikuu viwili au vitatu na fani yako, fungua kurasa zao za ASSIST, zichapishe, uende nazo kwa mshauri. Muulize moja kwa moja: somo hili linahesabiwa kwenye fani gani, chuo gani? Akijibu, mwombe aliandike kwenye mpango wako wa masomo. Wengi wao ni watu wema waliolemewa na wanafunzi, na ukiwafikia na karatasi mkononi mazungumzo yanabadilika kabisa. Masomo yenye sehemu mbili au tatu yamalizie hapohapo koleji, kwa sababu vyuo havigawi mada sawa, na ukihamia katikati unaweza kulazimika kurudia. Masomo ya jumla nayo yana mpangilio wake. Mimi nilifuata IGETC, ila walioanza vuli ya 2025 na kuendelea wanafuata orodha mpya, Cal-GETC, kwa hiyo usinakili orodha ya rafiki yako wa zamani.

Kuna kitu kinaitwa TAG, dhamana ya kupokelewa. Ukifikisha masharti ya chuo na fani, nafasi yako imehakikishwa. Kampasi sita za UC zinaitoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unachagua moja tu, na fomu hujazwa mwezi wa Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuanza. Nawasihi sana msiache Septemba ipite. Maombi yenyewe ya UC hupokelewa Oktoba na Novemba, na lazima uyatume hata kama una dhamana. Anayelenga vyuo vya CSU, mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya umma vya California, aulizie shahada ya koleji ya kuhamia, ADT, nayo inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo huo, ingawa si lazima iwe kampasi unayoitaka.

Kwenye maombi ya UC utajibu maswali manne, kila jibu lisizidi maneno 350. Sisi tumelelewa tusijisifu, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa "sisi" na "familia yetu" mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wangu wa Kiingereza akairudisha: wewe uko wapi hapa? Nikaandika upya kuhusu bibi mmoja pale kazini. Kila alfajiri alikuwa anapima sukari yake, mimi naandika namba kwenye daftari. Namba ilikuwa inapanda ilhali hajala kitu tangu jioni, na mimi nikawa naiwaza ile namba hadi kwenye basi la kurudi nyumbani. Niliandika hivyo tu, kama ilivyokuwa.

Kama unapokea Pell Grant, msaada wa ada wa serikali ya Marekani usiorudishwa, jua kwamba ina kikomo: sawa na semista 12 za kusoma muda kamili, maisha yako yote. Ukizimaliza nyingi koleji kwa masomo yasiyohesabiwa kwenye fani, utazitafuta ukiwa mwaka wa nne na hazipo.

Ukishapokelewa, usilegee semista ya mwisho, maana ukifeli somo uliloahidi kumaliza wanaweza kufuta nafasi yako. Pia ujue Davis wanasoma kwa muhula wa wiki kumi, unaoitwa robo. Nilizoea semista, na wiki ya nne nilikuwa tayari kwenye mtihani wa kemia hai nikiwa bado naijua njia ya kwenda maabara kwa kuuliza. Alama zangu za robo ile zilishuka. Nilipunguza zamu kutoka tano hadi tatu, nikaanza kwenda saa za ofisi za walimu, na robo ya pili nikasimama. Pangeni fedha mapema ili muweze kupunguza kazi miezi ile mitatu ya mwanzo.

Na ule mpangilio wa somo anaougawa mwalimu wiki ya kwanza, wenye mada na vitabu, uutunze kwa kila somo. Davis walinirudishia somo moja la biolojia kama halijulikani. Nilipowapelekea ile karatasi ya kurasa nne, walilikubali ndani ya wiki mbili.